Kimbunga Hakikufika Bariadi

Tulimzika Madam Veneranda kule Nyashimo, kwenye udongo ule mweusi unaonata kwenye koleo ukilowa na kupasuka ukikauka, na katekista aliyesoma historia yake alisema marehemu alikuwa mwalimu. Hakuwa mwalimu. Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye viwanja vya ndege, Mtwara kuliko kwingine, akiangalia upepo na mawingu ili marubani wajue watue au wasubiri. Nilitaka kunyoosha mkono nisahihishe, nikaona si mahali pake. Halafu nikafikiri pengine katekista hakukosea sana, kwa kuwa mimi alinifundisha, ingawa sikuwa mwanafunzi mzuri, na hadi leo kuna mambo aliyonieleza ambayo nayarudia kama nilivyoyasikia bila hakika kama nimeyaelewa. Nilirudi chini ya turubai nikakaa na wanaume. Wali ukaja, nyama ikaja, mazungumzo yakahamia kwenye pamba na wanunuzi wa mwaka huu. Mimi nilikuwa nimebaki kwenye mwaka mmoja tu, ule ambao Simiyu ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa mkoa, Bariadi ikajaa watu wa ofisi wanaotafuta vyumba, na mimi, kijana wa kidato cha pili ambacho sikukimaliza, nikawa nasoma hali ya hewa redioni.

Nina tabia ya kuandika mistari michache kila jioni, lakini daftari la mwaka ule lililiwa na mchwa. Kwa hiyo haya nayatoa kichwani, na kichwa changu sikiamini sana. Nikisema mtu alisema hivi, msomaji achukue kwamba alisema kitu cha namna hiyo. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Na kijiji chenyewe sitakitaja, nitasema tu kiko upande wa Kasoli, kwa sababu watu wake bado wapo, na sidhani walikuwa wabaya kuliko watu wa kijiji kingine chochote ambacho pamba yake inakauka.

Chumba alichonipangisha Madam kilikuwa stoo ya mayai kabla yangu. Kilikuwa na dirisha moja la wavu wa kuku, na hata baada ya kupaka chokaa kiliendelea kunuka pumba na manyoya. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha bati chenye kuta za matofali zilizoishia kifuani, na humo ndimo maisha yote ya nyumba ile yalimofanyika. Kulikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki chenye picha za mananasi, viti viwili, stuli moja ya wageni, na jiko la mkaa lenye mlango mdogo wa chini. Madam alikuwa mstaafu, mjane, mrefu, mkali wa maneno, anayevaa miwani yenye kamba shingoni. Alifuga kuku wa mayai na kila asubuhi, kabla hajawapa chakula, aliangalia juu pande zote nne kama mtu anayetafuta jiwe lilikotoka. Chakula tulikula pamoja kwa sababu alisema kupika sufuria mbili kwenye nyumba ya watu wawili ni ujinga. Tulikula ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, au na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyopikwa kwa karanga. Mwisho wa mwezi tulikula michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo aliletewa na dada yake mkubwa, Bibi Ng'washi.

Huyu Bibi Ng'washi ndiye habari yenyewe, kwa hiyo niseme mapema alivyokuwa. Alikuwa mdogo wa umbo, mjane pia, hana mtoto aliyebaki, anaishi peke yake kijijini na shamba lake la pamba. Alipokuja mjini hakukaa kwenye kiti. Alikaa chini, miguu mbele, akachambua chochote kilichokuwapo cha kuchambua, na akacheka peke yake vitu ambavyo hatukuvisema. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi waliopika miaka mingi kwa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Nataja macho kwa sababu yalitajwa baadaye na watu wengine.

Redio yetu ilikuwa nyumba ya kupanga yenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani kuzuia mwangwi. Mimi nilisoma matangazo: misiba, minada, ng'ombe waliopotea na rangi zao. Aliyekuwa akisoma hali ya hewa alihamia Mwanza, meneja akanipa karatasi yake.

"Ni kusoma tu," alisema. "Kusoma si unajua?"

Nikasema najua. Siku za kwanza zilipita salama. Halafu, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimeanza vizuri, ikaja taarifa kutoka Dar kwamba kuna kimbunga Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, na kwamba kimepewa jina. Jina lenyewe nimelisahau, ila lilikuwa la mwanamke, kama la msichana wa shule ya bweni. Nikasoma kwa sauti nzito, maana habari niliiona nzito. Kufika jioni simu ya studio haikukaa kimya. Mtu wa Lalago aliuliza kitafika asubuhi au mchana, kwa kuwa ana ng'ombe wa kupeleka majini. Mwingine alisema wamekwisha kupandisha mawe juu ya bati na kufunga kenchi kwa kamba, je inatosha? Kimbunga walichokijua wao, na mimi pia, ni kile cha vumbi cha kiangazi kinachozoa makapi uwanjani na kubeba chandarua cha mtu. Wakafikiria mkubwa wake. Mama mmoja, ambaye sauti yake naikumbuka mpaka leo, aliuliza kwa utulivu kabisa: "Huyo aliyetajwa ni binti wa nani?"

Jioni ile Madam aliniwekea ugali mbele bila kunitazama.

"Ndiyo wewe uliyewapandisha watu wa Lalago juu ya bati na mawe?"

"Nilisoma kilichoandikwa, Madam."

"Ulisoma. Ulijua unachosoma?"

"Hapana."

"Basi umefanya kazi ya spika. Spika haili ugali wangu. Kula haraka, nikuoneshe."

Akachukua manyoya mawili ya kuku akayaachia karibu na jiko. Yalielea kidogo, kisha yakaanza kwenda polepole kwenye ule mlango wa chini, yakaingia, yakaungua. Akasema kimbunga ni hicho. Watu wanakiona kama upepo unaosafiri kwenda kumpiga mtu, lakini kwanza ni jiko. Bahari ikipata moto kama maji ya kumwogeshea mtoto, mvuke unapanda, na unapopanda kwa wingi chini panabaki nafasi, hewa ya pande zote inakimbilia kuijaza. Mkaa wake ni huo mvuke. Kikipelekwa kwenye maji ya baridi au kikipanda nchi kavu, kinakosa mkaa, kinakufa. "Sasa niambie," alisema, "kutoka baharini mpaka Lalago kuna nchi kavu kiasi gani?" Nilikuwa nawaza yale mawe juu ya bati, nani atayashusha.

Siku nyingine alinifundisha kwa nini kinazunguka. Aligeuza sinia juu ya bakuli, akalizungusha kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaviringisha punje ya dengu katikati. Punje haikwenda moja kwa moja, ilipinda. Dunia ndiyo sinia, akasema, na upepo ndiyo dengu, na huku kwetu kusini kimbunga kinazunguka kufuata mshale wa saa. Tena akasema karibu na ikweta, tunakokaa sisi, kule kupindishwa hakuna nguvu, kwa hiyo hata ziwa letu lingechemka lisingezaa kimbunga. Hapo ndipo mahali pamojawapo ambapo narudia tu. Nilimuuliza kama sinia linazunguka lote, kwa nini sisi tusipindishwe. Akaeleza mara mbili, akakasirika, dengu zikamwagika, kuku wakaingia wakazila, na somo likaishia hapo.

Kulikuwa na jambo ambalo nililielewa haraka zaidi kwa sababu niliona kwa macho. Kimbunga hiki hiki kisichotufikia kinaweza kutugusa. Kikikaa mashariki ya Madagaska, wakati mwingine kinavuta upepo wenye maji kutoka Kongo, unapita juu yetu, tunapata mvua. Kile cha mwisho wa mwaka kilikuwa huko, na kweli tulinyeshewa, pamba ikaota vizuri. Lakini kikiingia kwenye mlango wa bahari kati ya Madagaska na Msumbiji, alisema, mara nyingi kinavuta kwenda kwake, sisi tunabaki na jua. "Mara nyingi," alirudia. "Sijasema kila mara. Na wewe redioni usiseme itanyesha. Sema inatarajiwa. Sema huenda. Wewe si Mungu na si mganga."

Nilitii, na utii huo ulinipa jina. Wasikilizaji walizoea mtu anayesema mvua ipo au haipo. Mimi nikawa wa huenda. Wiki chache tu, mafundi baiskeli wa pale kona ya soko wakawa wananisubiri wanisalimie kwa Kisukuma.

"Huenda, mwangaluka!"

"Mhola."

"Leo utakula?"

"Naona nitakula."

"Aa, sema vizuri! Huenda atakula, wananchi. Kula kunatarajiwa maeneo machache ya Bariadi."

Nilicheka nao. Ndani sikucheka sana. Nilikuwa kijana, nilipenda nionekane najua.

Januari mvua ikakatika. Si jambo geni, Januari na Februari mvua huku hupumzika, lakini mwaka ule ilipumzika mapema na pamba ilikuwa bado na majani ya kuhesabika. Mchana majani yalijikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Taarifa zikasema kuna kimbunga kingine, na hiki kimeingia kwenye ule mlango wa Msumbiji na kinajikokota. Madam alichora ramani kwa chai juu ya mananasi ya kitambaa, Madagaska hapa, Msumbiji pale, sisi karibu na sukari, na akavuta kidole chake kutoka kwetu kwenda kule mpaka chai ikakauka. Nilielewa. Nakumbuka nilifurahi kwamba nimeelewa, siku ambayo watu walikuwa hawana cha kufurahia.

Mwisho wa mwezi ule Bibi Ng'washi hakuja. Badala yake alikuja Luhende, jirani yake kijijini, mtu mzima mwenye ng'ombe wachache na shamba kubwa la pamba, ambaye alizoea kumletea Madam pumba. Nilikuwa chumbani, na ukuta wa kibanda cha jiko hauzuii sauti. Alimwita mayu, yaani mama.

"Mayu, nakuambia kwa sababu nakuheshimu. Watu wanasema dada yako amefunga mvua."

"Amefunga kwa nini? Kwa kamba au kwa waya?"

"Mayu, usifanye mchezo. Wingu linakuja mpaka kile kilima nyuma ya nyumba yake, linasimama, linageuka. Nimeliona mwenyewe."

"Na wewe unasemaje?"

Nikasikia gunia likiwekwa chini.

"Mimi pamba yangu imekauka," akasema. "Sijui niseme nini. Wamemwambia ataje siku. Aliyefunga anaijua siku ya kufungua, hilo tangu zamani. Akiitaja, atatozwa, yataisha. Naye anasema hajui. Kila akiulizwa, hajui. Hicho ndicho kinachowaudhi, mayu. Wanaona anaificha. Dagashida itakaa baada ya gulio."

Dagashida ni mkutano wa wanaume wa kijiji chini ya sungusungu, walinzi wa jadi, na uamuzi wake si wa kukatiwa rufaa kirahisi. Adhabu ya chini ni kutengwa, hakuna wa kukuazima moto wala kukuzika. Ya juu haitangazwi mkutanoni, inakuja baadaye, na kila mtu wa huku anajua iliyowapata wanawake wazee wa namna hiyo. Sitaieleza. Madam hakulia. Alimlipa Luhende pumba zake, akamsindikiza mpaka barabarani kama kawaida, akarudi akagonga mlango wangu.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kesho utawaeleza redioni mvua imekwenda wapi. Si kusoma. Kueleza."

Meneja alikubali, ila kwa sharti kwamba nisimtaje mtu wala kijiji. Nilieleza jiko, nikaeleza manyoya, nikasema kwamba mvua yetu imevutwa na kimbunga kilichoko Msumbiji. Nilidhani nimeeleza vizuri. Simu ya kwanza ilikuwa ya mwanamume mpole.

"Umesema imevutwa."

"Ndiyo, baba."

"Aliyeivuta ni nani?"

"Kimbunga."

"Nacho kimetumwa na nani? Maana mlisema vina majina ya wanawake."

Hiki cha pili kilikuwa na jina la kiume, nikamwambia. Akasema haidhuru, ahsante. Baadaye Luhende alitueleza kwamba kijijini walinisikiliza wote, na walisema: hata redio imekubali mvua inavutwa. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimharibia bibi yule. Sijui. Nikijaribu kuwa wa haki, yule mpigaji aliuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilimuuliza Madam wiki ya kwanza, kwa nini kianze hapa kisianze pale, na jibu la Madam lilikuwa kwamba wakati mwingine bahari iko tayari yote na kimbunga hakizaliwi, na hakuna anayejua sababu yote.

Siku ya dagashida tulikwenda kwa bodaboda, Madam nyuma ya dereva na mimi nyuma ya Madam, miwani yake imefungwa kwa leso isiruke. Wanaume walikuwa wamekaa chini kwenye kivuli cha godauni la pamba, fimbo mapajani. Bibi Ng'washi alikuwa amekaa peke yake juani, miguu mbele, kama anavyokaa kwetu jikoni, ila hapakuwa na kitu cha kuchambua na mikono yake ilikuwa inachambua hewa. Alipotuona alisema tu, "Mmekula?"

Walimruhusu Madam aseme kwa kuwa aliwahi kuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa amechapisha mjini picha ya kimbunga, ile inayopigwa kutoka juu. Alieleza vizuri kuliko mimi, kwa Kisukuma, bila kupandisha sauti. Picha ilizunguka mkono kwa mkono. Walioipokea waliigeuza juu chini, wakaitazama sana. Kijana mmoja akauliza lile tundu jeusi la katikati ni nini. Madam, ambaye hakuwahi kupunguza ukweli, akasema linaitwa jicho.

"Kina jicho," kijana akawaambia wenzake, na wengine wakamgeukia Bibi Ng'washi, wakitaja macho yake mekundu, ambayo huku watu huyaona alama ya uchawi.

Nilimwona Madam akijua alichosema. Hakuna lingine angeweza kusema, ndivyo linavyoitwa.

Ntemi wa sungusungu, mkuu wao, mtu wa makamo mwenye koti la mvua alilolivaa kwenye jua lile kama cheo, akainua mkono. "Mayu, tumekusikia. Lakini wewe ni tumbo moja naye. Ndugu hashuhudii. Huyu wa redio si ndugu, aseme yeye. Wewe! Hicho kimbunga chenu kitatuachia mvua lini?"

Nilisimama. Madam alinitazama, na katika mwaka mzima ule ndiyo siku pekee niliyomwona akitaka niseme kitu ambacho alinikataza. Nilijua anachokitaka kwa sababu na mimi nilikitaka: niseme Jumapili. Niseme siku yoyote, tupate siku chache, tumtoe bibi pale. Naona ni haki nisijisifu kwamba nilikataa kwa uadilifu. Nilifungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni yale niliyokuwa nimeyasema kila siku kwa miezi, kwa sababu mengine sikuwa nayo.

"Kikipanda nchi kavu kinakufa, baba. Kikifa, upepo huwa unarudi. Mvua inatarajiwa."

"Lini?"

"Sijui."

"Wiki hii?"

"Huenda."

Mkutano mzima ukacheka. "Ndiyo yeye! Huenda mwenyewe!" Hata ntemi alitabasamu, kisha akakunja uso.

"Mna mashine. Mna picha kutoka juu. Mnakiona kilipo, mnakipa na jina kama mtoto. Na siku hamuijui?"

"Hatuijui, baba."

"Na wakubwa wenu wa Dar?"

"Wanakadiria. Wakati mwingine wanakosea."

"Sasa anayeijua ni nani?"

"Sijui kama yupo."

Kicheko kiliisha. Nilidhani nimemmaliza bibi. Nilibaki nimesimama kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae. Kisha Luhende akanyanyuka, polepole, akiegemea fimbo. Ikumbukwe kwamba shamba lake lilikuwa limekufa kuliko mashamba ya wengi pale, na kwamba ndiye aliyeliona wingu likigeuka.

"Mimi nina swali moja tu," alisema. "Huyu anakiona kimbunga kwa picha, na bado hajui siku. Tumecheka, hatukusema anaificha. Huyu mama tumemuuliza siku, akasema hajui, tukasema anaificha. Kama kutojua siku ni kosa, basi wako wawili, tuwashike wote wawili. Kama si kosa kwa huyu, lilikuwaje kosa kwa yule?"

Akakaa. Walibishana muda mrefu baada ya hapo, kwa Kisukuma cha haraka ambacho hata mimi kilinipita mahali mahali. Mmoja alisema redio na mganga si kitu kimoja. Mwingine alisema aliyefunga hawezi kushindwa kuitaja siku mbele ya fimbo, angekwisha kuitaja aokoke. Bibi Ng'washi aliulizwa mara ya mwisho. "Nimewaambia," alisema. "Ningeijua, ningejisumbua kupalilia pamba inayokauka?" Mwisho ntemi alisema dagashida haikuona aliyefunga. Lakini mioyo ya watu ina moto, alisema, kwa hiyo mama huyu aende akakae kwa mdogo wake mjini mpaka mavuno, ili asije akaguswa na mtu asiyetumwa. Madam alitaka kupinga, kwamba mtu asiye na kosa hafukuzwi kwake. Dada yake alimshika sketi. "Nyamaza," alimwambia. "Twende tukafunge vyombo."

Tulifunga vyombo. Vilikuwa vichache: sufuria, chungu cha maji, mbegu za karanga ndani ya kibuyu, kuku wanne waliofungwa miguu. Alifagia uwanja wote kabla ya kuondoka, akaacha ufagio umeegemezwa mlangoni.

Mvua ilirudi baada ya yeye kuondoka. Sikumbuki ni siku ngapi, na nashukuru sikumbuki. Kimbunga kilikuwa kimepanda nchi kavu huko Msumbiji, upepo ukageuka kama Madam alivyoeleza, na ilinyesha kijijini kwao kabla ya kunyesha mjini. Madam aliona hiyo ndiyo hali ya hewa. Kijijini waliona mwenye mvua ameondoka, mvua imerudi, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo bila chuki yoyote, kama unavyosema mlango ukifunguliwa hewa inaingia. Siwezi kuwathibitishia vinginevyo. Yote mawili yalitokea, kwa mfuatano ule ule. Na kwa sababu hiyo bibi hakurudi kwake mavuno yalipofika, wala mwaka uliofuata. Nyumba yake ililainika na mvua, ikaanguka. Luhende alilima lile shamba, na kila mwisho wa mwezi akawa ndiye anayeleta michembe.

Jioni ya mvua ya kwanza tulikuwa jikoni, bati linapiga kelele, tunasemeshana kwa kupaza sauti. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za huko kilikopanda kimbunga, nyumba zilizoezuliwa, watu waliokuwa juu ya miti. Niliwasimulia. Bibi Ng'washi aliacha kuchambua.

"Huko kilikofia," aliuliza, "wamemshika nani?"

Madam akageuza ugali, akaugeuza tena, akaupakua.

Baada ya kula, pale msibani Nyashimo, nilizunguka nyuma ya nyumba kwenda kutoa pole. Bibi Ng'washi alikuwa huko na wanawake wa kupika, mdogo kuliko nilivyomwacha, amekaa kwenye mkeka, miguu mbele, ungo wa dengu mapajani. Sasa haoni vizuri, anachambua kwa vidole. Nilimsalimu kwa jina langu, Jilala, akatafuta kumbukumbu akaikosa. Nikasema ni yule wa redio.

"Huenda!" akasema, akacheka peke yake kama zamani. Kisha akasema mdogo wake amemtangulia, na hilo si mpangilio mzuri. Nikasema kweli. Tukakaa. Mawingu yalikuwa yamesimama upande wa ziwani, na mmoja wa wapishi alikuwa ameshika simu akiwasomea wenzake kwamba leo mvua ni asilimia kadhaa. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku hizi mnaijua siku?" akaniuliza.

"Bado, bibi."

"Hata na hizi simu?"

"Hata na hizi simu."

"Basi vizuri," akasema, vidole vikirudi kwenye dengu. "Kaa hapo, wakuletee chai."